Mtoto wa Kufungwa kwa Leso

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusoma mita za maji mjini Kitale, na kazi hiyo ilinivimbisha kichwa kuliko ilivyostahili. Niliingia kwenye ploti za watu na daftari kwapani, gambuti miguuni, na kabla sijainama kwenye mita nilikuwa nimeshakagua nyumba nzima kwa macho na kumhukumu mwenye nyumba. Kiangazi kikianza mwezi wa Desemba, mifereji ya Kitale hutoa maji siku ikipenda, kwa hiyo kila familia hujaza chochote chenye kitako: pipa, ndoo, karai, sufuria ya sherehe, beseni la kumwogeshea mtoto. Vyote hujazwa hadi mdomoni na kuachwa wazi. Katikati ya vyombo hivyo utamkuta mtoto wa mwaka mmoja na nusu, amejifunza kutembea juzi, anapita akiyumba kama mlevi huku mama yake yuko nje ya geti akisukwa nywele.

Niliwaambia. Sikunyamaza hata siku moja. Nilimwambia mama mmoja kwamba mtoto mdogo hahitaji ziwa ili azame, ndoo ya kufulia inamtosha. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Ati ndoo? Hii kichwa yake kubwa hivi itaingia wapi?"

Nikamweleza kwamba hicho kichwa ndicho kinachomponza. Mtoto wa umri ule ni mzito juu. Akiinama kuchungulia maji anatangulia kichwa, miguu inabaki hewani, na mikono yake haina nguvu ya kumrudisha. Tena hapigi kelele. Watu hudhani mtoto anayezama ataita mama na kurusha maji huku na huku mpaka majirani waje mbio. Anazama kimya, na muda wa kwenda kuepua chai jikoni unatosha kabisa.

"Si usome mita uende," akasema.

Wengine walikuwa na njia yao ya kulinda watoto, nayo ilikuwa uongo. Walimwambia mtoto kuna nyoka ndani ya pipa. Sijui mtu anawezaje kusahau utoto wake kiasi hicho. Mtoto akiambiwa kuna nyoka ndani ya pipa, kazi yake ya siku hiyo inakuwa kutafuta kigoda cha kupandia ili amwone. Nilimkuta mmoja hivyo hivyo, ameshika ukingo wa pipa kwa mikono miwili, anamwita nyoka atoke. Nilimshusha, nikamgombeza mama yake hadi akafunga mlango nikiwa bado nazungumza.

Lazima niseme pia kwamba mimi mwenyewe sikujua kuogelea. Maji niliyoyajua ni yale yanayopita ndani ya bomba. Sikuwahi kuingia maji yaliyopita magoti yangu, tangu utotoni. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujitangaza.

Basi baba mkwe wangu akachimba bwawa la samaki. Wakwe zangu walikaa upande wa Bungoma, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Lugulu, na miaka ile kila mstaafu wa huko mwenye kipande cha shamba alikuwa ameshauriwa na mstaafu mwenzake kwamba utajiri uko kwenye samaki wa ngege. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kufuata maagizo. Aliambiwa udongo wake wa kichanga hautashika maji, akatandika bwawa zima karatasi nyeusi ya plastiki, kutoka chini kabisa hadi ukingoni. Baada ya miezi miwili karatasi ile ilikuwa imeota utelezi wa kijani. Hata vyura walipata taabu kutoka.

Siku tulipoitwa kuliona, nililizunguka kwa jicho la mtu wa maji. Alikuwa amesimamisha vigingi pande zote na kupitisha nyuzi juu ya bwawa, akazining'iniza vipande vya utepe wa kaseti, ving'ae juani, ndege wasishuke kula samaki wachanga. Upande wa barabara alikuwa amerundika miba kwa ajili ya wezi, na nyuma ya miba alikuwa amefunga mbwa kwa ajili ya wezi wasioogopa miba. Upande wa nyumbani, ambako wajukuu walikuwa wakifukuzana, hakukuwa na hata kijiti. Nikamuuliza mzee, kwa heshima zote, kama ana mpango wa kuweka ua.

"Watoto wetu wanaogopa maji," akasema. "Mwizi ndiye haogopi."

Nikamwambia mtoto wa miaka mitatu hajajua cha kuogopa.

"Bwana mkwe, hii ni plojekti. Ukianza kufunga funga kila mahali, samaki atakula saa ngapi?"

Sikuelewa ua wa nje unamzuiaje samaki kula, na hadi leo sijaelewa. Tulikunywa chai tukaondoka.

Desemba hiyo mke wangu akampeleka binti yetu kwa nyanya yake kwa wiki tatu. Alikuwa na miaka mitatu, na ndiye mtoto pekee tuliyekuwa naye. Mimi nilibaki Kitale na mita zangu. Kila jioni nilipiga simu, na swali langu lilikuwa moja tu, la bwawa. Jioni moja mke wangu alinijibu akicheka.

"Mama amepata dawa. Anamfunga na leso."

Akanieleza. Jua lilikuwa limekausha mboga, na mama mkwe alikuwa akimwagilia sukuma wiki zake kwa maji ya bwawa, asubuhi na alasiri. Mtoto hakukubali kuachwa nyumbani. Basi mama mkwe alichukua doti moja ya leso, akaunganisha zile mbili kwa fundo, ncha moja akaifunga kiunoni mwa mtoto na nyingine akajizungushia kiunoni mwake. Wakawa wanafanya kazi hivyo. Mtoto akifika mwisho wa leso, anarudi.

"Mtoto wangu si mbuzi," nikasema.

"Sasa unataka amshike na meno? Mikono iko na kazi."

Nikakata simu. Nilikasirika kweli kweli, na sasa nikiikumbuka hasira ile ninataka kujizaba kofi. Miaka yote niliyowagombeza akina mama wa Kitale nilikuwa nawaomba kitu kimoja, kwamba mtoto asiweze kufika majini bila mtu mzima kujua papo hapo. Mwanamke ambaye hakumaliza darasa la nne alikuwa amelifanya hilo kwa vipande viwili vya kitambaa, bila kuambiwa na mtu wa mita. Sikuliona. Nilichoona ni mtoto wa mfanyakazi wa ofisi ya maji amefungwa kama mifugo, majirani wanatazama. Nikaamua kwenda bila kupiga simu. Ningemfumania mama mkwe na kamba yake, halafu ningemwambia mke wangu apange nguo za mtoto turudi naye mjini, kwa watu wenye akili.

Hapa inabidi nieleze jambo kwa msomaji asiyekulia kwetu. Kwetu mwanamume hakutani na mama wa mke wake. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikaribiana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Ndiyo maana mkwe hutuma habari kabla ya kuja, huingia kwa lango kubwa, na hukohoa akiwa bado mbali, ili mama apate muda wa kujisitiri jikoni na kumsalimu akiwa nyuma ya ukuta. Ofisini nilikuwa nikiyacheka mambo hayo. Niliwaambia wenzangu ni ushamba mtupu, ati mtu anamkimbia mwanamke aliyemzalia mke. Lakini nikifika kwa wakwe niliyafuata yote, hata kukohoa.

Siku hiyo sikukohoa. Bodaboda niliiacha mbali, nikapita kijia cha nyuma kinachopanda kutoka kijitoni na kukatiza kwenye migomba, njia ambayo mkwe hana sababu ya kuijua. Ilikuwa alasiri, jua kali. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni na mzee alikuwa mazishini kwa jirani. Nilitokeza kwenye migomba hatua kama kumi kutoka bwawani, na hapo walikuwa.

Mama mkwe alikuwa ameinama akichota maji kwa kopo jekundu la plastiki. Kwa sababu ya joto na matope alikuwa amevaa kamisi tu, na leso kiunoni. Binti yangu alikuwa nyuma yake, amechuchumaa mchangani, anaimba wimbo usio na maneno, na ile leso imefungwa juu ya gauni lake la manjano kwa fundo safi. Nimeingia nyumba nyingi zenye watoto na maji. Sijawahi kuona mtoto aliye salama kuliko yule.

Mama mkwe akainua kichwa akaniona. Hakuwa amesikia kikohozi wala salamu, na mkwe wake alikuwa amesimama mbele yake, naye yuko na kamisi. Akafanya alichofundishwa tangu usichana wake. Aliachilia kopo, akafungua fundo la mtoto, maana asingeweza kukimbia akimburuta, akajifunika leso zote mbili na kukimbilia nyuma ya ghala. Watu waliosimuliwa habari hii baadaye walisema alimwacha mtoto peke yake. Hakumwacha peke yake. Alimwacha na baba yake, mtu mzima mwenye macho mawili, aliyekuwa hatua kumi kutoka hapo.

Na mimi nikageuka, nikawapa mgongo. Mimi niliyeyacheka mambo hayo ofisini nilisimama nikitazama migomba, kwa adabu zote, nikisubiri mama wa watu afike mahali pa kujificha. Tena nilisubiri zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nimemkamata. Nilikuwa napanga hotuba nitakayompa mke wangu jioni, nikichagua neno la kuanzia, na nilikuwa bado sijaamua kati ya mbuzi na mbwa.

Wimbo ulikatika. Nilichukua muda kugundua kwamba umekatika. Nilipogeuka, mchangani hapakuwa na mtu. Kopo jekundu lilikuwa linaelea karibu na ukingo, na mtoto alikuwa ameenda kulichukua. Chini ya maji, kando ya kopo, niliona rangi ya manjano. Hakukuwa na sauti yoyote. Yote niliyowahubiria watu yalikuwa yanatendeka mbele yangu, vile vile nilivyoyaeleza, hata kimya chake.

Nilikimbia nikaingia. Mguu wa kwanza uliteleza kwenye karatasi nikaenda chini kwa mgongo, na niliposimama maji yalinifika kifuani. Nilimpapasa nikamshika kwa gauni, nikamwinua juu. Alikuwa mlegevu, midomo imekuwa ya kijivu. Nikajaribu kupanda naye, nikateleza. Nikajaribu tena, tukaenda chini wote wawili, nikaibuka nikitema maji ya samaki. Kila nilipopiga hatua karatasi ilinirudisha. Nilikuwa nimemshika mwanangu juu ya kichwa changu, hatua mbili kutoka nchi kavu, na sikuweza kufika. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini zaidi, ila najua neno moja nililoita ni mama.

Alikuja mbio akizifungua leso huku anakimbia. Alifunga ncha moja kwenye kigingi cha nyuzi za ndege, ncha nyingine akanirushia, akajilaza kifudifudi ukingoni na kamisi yake, mikono yote miwili ameinyoosha kwangu, mchana kweupe.

"Lete mtoto," akasema. "Usiniangalie. Angalia mtoto."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia ana kwa ana. Nilishika leso kwa mkono mmoja, na safari hii nilipopiga hatua sikurudi. Akamnyakua mtoto kwa mkono, akamvuta. Mimi nilipanda kwa kuivuta ile leso niliyoidharau, magoti yakiteleza, hadi nikaanguka mchangani.

Ungetegemea hapo mtaalamu wa maji aonyeshe utaalamu wake. Nilichotaka kufanya ni kumshika mtoto miguu nimning'inize kichwa chini, kama nilivyoona watu wakifanya nikiwa mdogo, jambo ambalo mimi mwenyewe nimewahi kumkemea nalo mtu barazani. Mama mkwe alinisukuma kwa kiwiko. Alikuwa mkunga pale kijijini kwa miaka mingi na watoto wasiopumua hawakuwa wageni kwake. Alimlaza, akamsafisha kinywa kwa kidole, akamfunika pua na mdomo kwa mdomo wake akampulizia. Akapuliza tena. Mtoto akatapika maji, akakohoa, akaanza kulia. Mama mkwe alimgeuza ubavu, akamfunika kwa leso iliyolowa, ndipo akanyanyuka bila kunitazama na kuingia nyumbani kutafuta nguo. Mimi nilibaki nimekaa, nimemshika mtoto mguu.

Tulimkimbiza hospitali ya misheni, wakamweka siku mbili kuangalia kifua, maana mtoto aliyevuta maji anaweza kuonekana mzima na baadaye hali ikageuka. Haikugeuka. Alirudi nyumbani akidai biskuti.

Wiki iliyofuata mzee aliita kikao. Sisi wanaume tulikaa sebuleni, yaani mzee, kaka ya mke wangu, na mimi. Mke wangu alikaa karibu na mlango na mtoto mapajani. Mama mkwe alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa udongo, na alijibu kutoka huko. Shemeji ndiye aliyeuliza.

"Mama, mtoto akiingia maji wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya ghala."

"Ulienda kufanya nini huko?"

Angeweza kusema ukweli, nao ulikuwa mwepesi: nilimwona mkwe, amekuja kimya kimya kwa njia ya nyuma, nikaona haya, nikamwachia mtoto wake. Kila mtu pale sebuleni angemwelewa.

"Nilienda tu," akasema. "Makosa ni yangu."

Shemeji akanigeukia. "Na wewe ulifika ukapata nini?"

Nilikuwa na nafasi. Sikuhitaji ujasiri mwingi, nilihitaji sentensi moja. Nilifikiri jinsi mzee atakavyoniangalia akijua kwamba nilimvizia mke wake kwenye migomba, na jinsi mke wangu atakavyoniangalia akijua kwamba mtoto alizama nikiwa nimempa mgongo, nikipanga hotuba.

"Nilipofika nilikuta mtoto ameshaingia," nikasema.

Nikangoja ukuta uniumbue. Haukutoa sauti. Sijui kama aliona haya kubishana na mkwe, au aliogopea ndoa ya binti yake, au alinidharau tu. Ningekuwa yeye ningenidharau.

Mzee akatoa uamuzi wake. Kwanza, mama mkwe alikuwa amebaki na kamisi mbele ya mkwe, na aibu hiyo lazima ifutwe: yeye atachinja kuku, mimi nitaleta doti mpya ya leso, mambo yaishe. Pili, asiachiwe tena watoto wadogo. Dada zake mke wangu walioolewa Eldoret na Nakuru walipigiwa simu siku hiyo hiyo, na hawakuwaleta watoto wao tena likizo. Mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji akawa mtu wa kuangaliwa akimshika mjukuu wake mwenyewe. Ua wa bwawa nao ulikuja, msidhani haukuja. Ulikuja mwezi wa Machi, waya mzuri wa kupendeza, wiki moja baada ya wezi kuvua nusu ya samaki.

Mimi nilirudi kusoma mita. Nilinyamaza kama mwezi mmoja hivi, halafu nikaanza tena kuwagombeza akina mama kwa mapipa yao. Sasa nilikuwa na mfano. Niliwasimulia habari ya nyanya mmoja huko mashambani aliyemwacha mtoto kando ya bwawa akaenda zake ghalani. Walinisikiliza kuliko zamani, na wengine walienda kutafuta vifuniko wakiwa wananiona.

Aprili tulienda kula kuku. Safari hii nilipiga simu siku mbili kabla, nikaingia kwa lango kubwa, nikakohoa hadi koo likauma. Mke wangu alipeleka leso jikoni. Kuku akaletwa, na firigisi imewekwa juu, sehemu yangu kama mkwe. Niliitazama. Mtu aliyemtoa mwanangu majini alikuwa amechinja kuku wake mwenyewe kuniomba radhi, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikaila.

"Chumvi imetosha?" akauliza kutoka jikoni.

"Imetosha, mama."

Binti yetu alikuwa ameshapita kwenda huko, nikawa namsikia anacheka, na nyanya yake anacheka naye. Kisha mama mkwe akamwita mke wangu, kwa sauti ndogo, ila ule ukuta haukuficha kitu.

"Muulize baba ya mtoto kama anaweza kuniachia huyu, hata siku tatu. Bwawani sitaenda. Tutakaa tu hapa jikoni na yeye."

Mke wangu akatokea mlangoni akanitazama. Mzee akatazama sahani yake. Uamuzi ulikuwa wangu, na wote walijua kwamba nikikubali, hata zile simu za Eldoret na Nakuru zingepigwa upya. Lakini nikikubali wangetaka kujua ni kwa nini namwamini, na mimi nilikuwa na jibu moja tu la swali hilo.

"Mwambie mtoto ana shule Jumatatu," nikasema.

Ilikuwa Aprili, shule zote zimefungwa, na mtoto mwenyewe hajaandikishwa hata chekechea. Mama mkwe alijua hivyo kama nilivyojua mimi.

"Sawa," akasema, upande wa pili wa ukuta. "Asome vizuri."